Kufuga na kuzalisha reptilia Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka saba nilikuwa mhudumu kwenye zizi la kuzalishia mijusi, kobe na vinyonga, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Zizi lilikuwa na leseni. Soko la nje lilipofungwa mwaka 2016 nalo likafungwa, nikarudi kwenye viazi kama wenzangu. Tangu hapo vijana wa Uyole, Tukuyu, Mafinga hadi Njombe wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili anayetaka kuingia aingie akijua anachokiendea.

Nijibu moja kwa moja: inalipa au hailipi?

Kwa fedha, hailipi. Kama unatafuta ada ya watoto, fuga kuku au panda parachichi. Kama unampenda mnyama mwenyewe, unaweza kukaa dakika arobaini ukimtazama kinyonga akiamua tawi la kukanyaga na usione muda umepotea, basi kuna kitu kikubwa utakipata. Kitakugharimu, na lazima upite kwenye njia ya sheria. Maswali yaliyobaki yanaeleza kwa nini nasema hivyo.

Mbona huko nje mjusi mmoja anauzwa kwa dola nyingi?

Ni kweli anauzwa. Ujerumani kuna mnada wa reptilia mjini Hamm ambao hukusanya wafugaji wa Ulaya nzima mara kadhaa kwa mwaka, na Marekani maonyesho ya namna hiyo ni mengi. Ila tazama wanachouza. Wengi wanauza mjusi chui, ambaye asili yake ni Pakistani, Afghanistani na India; joka wa ndevu wa Australia; na chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira. Hao wote wanazalishwa hukohuko, kwenye vyumba vya chini vya nyumba, kizazi baada ya kizazi. Australia yenyewe hairuhusu biashara ya kuwasafirisha nje wanyama wake hai, na bado joka wa ndevu wamejaa Ulaya na Marekani kwa sababu wazazi wao walizaliwa kizimbani.

Kwa hiyo mfugaji wa Mbeya anashindana na mtu mwenye umeme usiokatika, dawa dukani na mteja anayeishi mtaa wa pili. Wewe una safari ya ndege, vibali na wanyama wanaochoka njiani.

Halafu kuna bei. Mnakumbuka kware? Yai la kware lilivyopanda, kila mtu akajenga banda, halafu mwaka haukupita watu wakawa wanawagawa bure. Reptilia ni hivyohivyo. Wanaozalisha rangi mpya za chatu hupata hela nzuri mwaka wa kwanza, kabla watoto wa watoto hawajaenea. Baada ya hapo bei inaanguka, na mnyama aliyekuwa wa kifahari anakosa mtu wa kumchukua.

Sheria inasemaje? Kobe nimemkuta shambani kwangu, si wangu?

Si wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kobe aliyeingia kwenye mahindi yako ni mgeni tu. Na sheria hiyo inaposema nyara, haimaanishi pembe za ndovu peke yake: mnyama mwenyewe, hai au mfu, ni nyara. Nimemwona kijana mwenye akili zake akihangaika miezi na kesi kwa sababu ya kobe wawili kwenye ndoo. Hakuwa mwizi, alikuwa hajui.

Kufuga kunawezekana kwa leseni. Ofisi ya kwenda ni ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Watataka kujua umempata wapi mnyama, eneo lako likoje, na nani atamhudumia. Nenda kabla hujanunua hata bulbu moja. Wengi wanajenga kwanza, kisha wanaenda kuomba, na hapo ndipo machozi yanapoanzia.

Na kuuza nje?

Machi 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Ilitangazwa kuwa ya miaka mitatu, miaka ikapita na mlango haukufunguliwa. Mwaka 2022 likatoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara wamalizie wanyama waliobaki kwenye mazizi yao, wananchi wakapiga kelele, likasimamishwa muda mfupi baadaye.

Najua walioumia. Sisi tulikuwa na vizimba vimejaa na mishahara imesimama, na wanyama hawajui habari za marufuku, wanataka kula kila siku. Hata hivyo, baada ya kuona yaliyokuwa yanapita kwenye biashara ile, siilaumu marufuku. Ukipanga biashara leo, panga kana kwamba mlango huo haupo.

Kwa nini unasema baridi yetu ni tatizo? Reptilia si wanaishi kila mahali?

Mnyama wa damu baridi hatengenezi joto lake, analiazima. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete na Njombe asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani. Mjusi wa nchi za joto akila saa kumi jioni, kisha usiku ukampiga baridi, chakula kinamwozea tumboni. Unamkuta asubuhi amevimba, macho yamefumba.

Kwa hiyo unawasha taa. Bulbu moja ya wati 100 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula uniti 36 kwa mwezi. Vizimba viwili ni uniti 72, na hujawasha hata taa ya sebuleni. Mwenye nyumba aliyekuwa kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 anatupwa kwenye bei ya juu kwa ajili ya mijusi wawili. Piga hesabu ya vizimba ishirini.

Tuna zawadi moja: jua. Jua la huku ni kali na mionzi yake ni bora kuliko taa yoyote. Tulikuwa tunawatoa nje kila siku saa nne hadi saa nane, kwenye vizimba vya wavu, nusu jua nusu kivuli. Usiwaweke nyuma ya kioo cha dirisha ukadhani wanaota jua. Kioo kinapitisha joto na kuzuia mionzi wanayoihitaji kutengeneza vitamini D. Bila hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa, na utajua umechelewa siku utakapogusa taya la mjusi likabonyea kama mpira wa ndala.

Naweza kutumia mashine ya kutotoleshea vifaranga?

Hili ndilo swali ninalolijibu mara nyingi kuliko yote, na ndipo watu wanapopotezea mayai.

Yai la kuku linageuzwa kila siku. Yai la mtambaazi haligeuzwi kabisa. Siku ya kwanza au ya pili kijusi kinajishika upande wa juu wa ganda, na ukiligeuza yai baada ya hapo kinaweza kufa. Mashine nyingi za vifaranga zinageuza trei zenyewe. Mtu anapanga mayai ya kobe kwa uangalifu, anafunga mlango, anawasha, na mashine inayaua polepole kila baada ya saa chache. Ukiitumia, zima kigeuzio kwanza. Sisi tulikuwa tunachora alama ndogo ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulitoa mchangani, kisha tunalihamisha alama ikiwa inatazama juu, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa chai.

Halafu joto linaamua jinsia. Kwa mjusi chui, nyuzi 26 hadi 28 zinatoa majike karibu matupu, nyuzi 32 hivi zinatoa madume wengi, ukipandisha zaidi majike yanarudi. Kwa kobe, joto la chini hutoa madume na la juu hutoa majike. Ukikosea nyuzi tatu, umezalisha kundi la madume watupu wasiokuwa na mwenza.

Nitawaeleza la kwangu. Mwaka fulani mwezi wa sita tulikuwa na mayai 14 ya kobe wa madoa, yamekaa kwenye mashine miezi minne. Nilikuwa nayamulika kwa tochi ya simu kila Jumapili, mishipa myekundu imesambaa kama ramani ya mito, na ndani kitu kinatikisika. Umeme ukakatika usiku. Tukazungushia mablanketi na madumu ya maji ya moto, tukalala hapohapo sakafuni. Alfajiri umeme ukarudi kwa nguvu, themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, ikaungua bila sisi kujua, na kwa sababu tulikuwa tumechoka hatukuangalia tena. Saa nne kipimajoto kilisoma 41. Hakutotolewa hata mmoja. Baridi tuliishinda, tukashindwa na kifaa kidogo ambacho tungeweza kuwa nacho cha akiba. Tangu siku hiyo namwambia kila mtu: themostati mbili, moja ikilinda nyingine, au usianze.

Inachukua muda gani mpaka mnyama awe mzazi?

Mijusi wadogo, mwaka mmoja au miwili. Kobe ni habari nyingine: mtoto unayemtotolesha leo atakapotaga, mwanao aliyeko chekechea atakuwa sekondari.

Chakula kinapatikana?

Cha kobe kinapatikana bila shida: nyasi, majani ya porini, maua, majani ya viazi vitamu. Usimpe ugali wala mkate, na mchicha uwe kidogo tu kwa sababu unashika kalsiamu. Wanaowalisha matunda kila siku wanaona kobe ananenepa, wanafurahi, kisha tumbo linaanza kuharibika.

Wanaokula wadudu ndio kazi. Baridi ikiingia panzi wa mashambani wanaadimika, kwa hiyo unalazimika kufuga nyenje na mende wako mwenyewe, nao wanataka joto pia. Watu hawalijui hili: kufuga mijusi ni kufuga vitu viwili, na mara nyingi wadudu ndio wanaokushinda. Mtoto wa kinyonga anahitaji vijidudu vidogo kama inzi wa matunda, tena mara kadhaa kwa siku. Tulikuwa tunaozesha ndizi kwenye ndoo nyuma ya zizi, harufu yake majirani walituvumilia tu. Maganda ya mayai ya kuku, yakikaushwa na kusagwa mpaka yawe unga, yanafaa kunyunyizia juu ya wadudu kwa ajili ya kalsiamu.

Vinyonga wetu wa Rungwe na Poroto je? Wao si wameshazoea baridi?

Ndiyo, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Milima yetu ina vinyonga ambao dunia nzima haina. Kuna yule wa pembe tatu wa Poroto na Ngozi, anayeitwa kwa jina la daktari wa jeshi la Wajerumani, Fülleborn. Kuna asiye na pembe wa Rungwe, Poroto na Ukinga. Kule Mufindi na Udzungwa kuna mdogo mwenye miiba ubavuni, ukimwona kwenye ukungu unadhani ni kipande cha kuvu kilichoshika tawi. Hawa hawadai taa ya joto. Wanataka usiku wa baridi, ukungu wa asubuhi na jua la wastani, vitu ambavyo Tukuyu tunavyo bure. Ukimpeleka Dar es Salaam anakufa kwa joto.

Kwa hiyo mnyama pekee ambaye hali yetu ya hewa inamfaa kumfuga ni yuleyule ambaye msitu wake ni mdogo kuliko wilaya. Wengi wao wanaishi kwenye mlima mmoja au miwili, wamezungukwa na viazi, chai na mikaratusi. Ukichukua majike ishirini kwenye kichaka kimoja cha Poroto, hakuna mahali pengine ambapo watatoka wengine kujaza nafasi.

Niliwahi kumwona jike wa aina nyingine ya kinyonga wa pembe tatu, kutoka Udzungwa, akizaa. Baadhi ya vinyonga wa milimani hawatagi, wanazaa. Alikuwa amepanda juu kwenye tawi, rangi imefifia, akasogeza mkia pembeni. Kikatoka kitu kama gololi ya maji, kikanata kwenye jani lililo chini yake. Kwa sekunde chache hakikufanya chochote. Kisha gololi ikajinyoosha, mguu ukatokeza, utando ukapasuka, na kinyonga mzima mwenye urefu wa kiungo cha kidole akashika jani kwa mikono yake miwili na kuanza kutembea. Wakazaliwa kumi na wanne jioni ile. Baada ya miezi miwili walibaki watatu, na sisi tulikuwa na leseni, vifaa na watu watano wa kuwahudumia. Fikiria anayewaweka kwenye boksi la viatu.

Lakini kuzalisha kizimbani si ndiyo njia ya kuokoa wa porini?

Inaweza kuwa, na mfano uko hapahapa kwetu. Si mtambaazi, ni chura, ila funzo linahusu.

Kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo wa manjano, urefu wa sentimita mbili hivi, kwenye eneo la hekta chache linalolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Lilipojengwa bwawa la umeme, maji yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua sana. Mwaka 2000 walichukuliwa vyura 499 kupelekwa Bronx Zoo, Marekani, na baadaye Toledo Zoo nayo ikawa mlezi wao. Huku nyumbani idadi ikaporomoka, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki duniani wakawa wale wa kizimbani tu. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 vyura wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe, korongoni, ambako manyunyu sasa yanatengenezwa kwa mabomba.

Kwa hiyo ndiyo, kizimba kimewahi kuokoa. Lakini tazama jinsi kilivyookoa: kumbukumbu za kila kizazi, magonjwa yanachunguzwa, mahali pa kuwarudisha pameandaliwa. Hakuna aliyewauza.

Sasa linganisha na mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye miti ya mikadi. Ulaya wamejua kumzalisha miaka mingi, si mgumu. Hata hivyo aliendelea kukamatwa porini, wavunaji wakikata mikadi ili wamfikie, mpaka mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipomweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa. Kuzalishwa kwake hakukumlinda, kwa sababu wa porini alikuwa rahisi kumpata kuliko kumlea.

Herufi C na W kwenye vibali vya CITES zina maana gani?

W ni aliyetoka porini. F ni aliyezaliwa kizimbani, lakini bila kutimiza masharti yote ya C. C ni wa kizimbani hasa, kutoka kwa wazazi wa kizimbani, kwenye zizi lililothibitisha linaweza kuendelea kuzalisha vizazi bila kurudi porini kila mara. Udanganyifu mkubwa wa biashara hii uko hapo: mnyama wa W anaandikiwa C. Ukiona mtu anauza vinyonga wakubwa wenye makovu ya matawi na kupe shingoni, halafu anasema wamezaliwa kwake, usinunue.

Vipi nyoka?

Sishauri. Kwenye misitu yetu kuna nyoka wa miti wenye sumu, wazuri mno kwa macho, ambao hawana dawa maalumu ya sumu yao. Akikuuma mmoja, hospitali itatibu dalili tu. Kuna mmoja wa Udzungwa na Ukinga anayeishi chini na kula minyoo, mpole kwa kumtazama. Mwache na minyoo yake.

Nina mtoto mdogo nyumbani. Kuna hatari?

Ipo. Reptilia wengi wanabeba salmonela tumboni bila wao kuumwa. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wa gamba lisilofika inchi 4 tangu mwaka 1975, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, au mama mjamzito, au mgonjwa, isiwe na mnyama wa namna hii. Wengine mnawe mikono kwa sabuni kila mnapomshika, na vyombo vyake visioshwe kwenye karo la jikoni.

Akiumwa nimpeleke wapi?

Mabwana mifugo wetu ni hodari kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Reptilia wengi wao hawajawahi kumshika. Tafuta mmoja aliye tayari kujifunza kabla hujawa na mgonjwa, mwoneshe mnyama akiwa mzima. Na mpime uzito kila wiki kwa mzani mdogo wa jikoni. Kinyonga anaficha ugonjwa mpaka siku zake za mwisho, mzani haufichi.

Wazee wanasema kinyonga ni mkosi. Majirani watanielewa?

Wengine hawatakuelewa. Bibi yangu mwenyewe hakuingia zizini hata siku moja. Sikubishana naye. Nilikuwa nawaalika watoto wa jirani waje watazame kinyonga akirusha ulimi, na watoto wakawaeleza wazazi wao. Baada ya mwaka, mama mmoja aliyekuwa anawaponda kwa jiwe akaniita nije nimtoe mmoja kwenye kunde zake akiwa salama.

Nikimkuta kinyonga barabarani nimfanyeje?

Usimshike mgongoni wala mkia. Simamisha pikipiki, tafuta kijiti kirefu, kiweke mbele ya mikono yake juu kidogo ya kifua, usimsukume. Atakigusa, ataacha, atakigusa tena, kisha atapanda. Mvushe upande aliokuwa anaelekea, maana ukimrudisha alikotoka atashuka tena barabarani. Kiegemeze kijiti kwenye kichaka na usogee hatua tatu nyuma. Atakaa hapo muda mrefu, jicho moja likikutazama, la pili likitafuta tawi.